Deckard ni Mtu? Maana, Mtunzi na Lawama katika Filamu ya Blade Runner

Tangu filamu ya Blade Runner ilipoanza kuonyeshwa nchini Marekani mwezi Juni 1982, watazamaji wake wamekuwa wakibishana juu ya swali moja ambalo, kwa mtazamo wa haraka, huonekana la kitoto: je, Rick Deckard, askari anayetumwa kuwasaka na kuwaua watu wa kutengenezwa, ni mtu aliyezaliwa au naye ametengenezwa? Mashabiki wa filamu hii wamelichukua swali hilo kama kitendawili chenye jibu moja. Wamehesabu maneno ya wahusika, wamechunguza mwanga machoni mwa mwigizaji, wamelinganisha toleo kwa toleo. Wahakiki wa fasihi kwa kawaida huyapuuza mabishano ya namna hii, na pengine wanapoteza kitu kwa kufanya hivyo, kwani ndani yake mna maswali mawili ambayo taaluma yao haijayamaliza. La kwanza ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya maana ya kazi ya sanaa. La pili ni iwapo msomaji anawajibika kimaadili kwa fasiri anayoichagua. Makala hii inashikilia kwamba swali la pili ndilo zito zaidi, na kwamba fasiri inayomfanya Deckard kuwa mtu wa kutengenezwa, ijapokuwa ina ushahidi na inaungwa mkono na mwelekezi mwenyewe, inamtua mtazamaji mzigo ambao hadithi hii ilimtwika.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kuisimulia. Tuko Los Angeles, Novemba 2019, mwaka ambao ulikuwa mbali filamu ilipotungwa na ambao sasa umekwisha kupita bila magari ya kuruka. Kampuni ya Tyrell hutengeneza replikanti, yaani viumbe wa nyama na damu wenye nguvu na akili, wanaotumikishwa katika makoloni ya sayari nyingine. Wale wa aina ya Nexus-6 wamewekewa miaka minne tu ya kuishi. Replikanti akionekana duniani, sheria inaamuru auawe. Kwa kuwa hatofautiani na mtu kwa sura, hutambuliwa kwa kipimo kiitwacho Voight-Kampff: anaulizwa maswali ya kumtia uchungu huku chombo kikitazama mboni ya jicho lake, na asipoonyesha huruma kama inavyotarajiwa, basi si mtu. Kundi la replikanti linaloongozwa na Roy Batty limetorokea duniani kutafuta njia ya kuongezewa maisha. Deckard, aliyekuwa ameacha kazi, anarudishwa ili awamalize. Njiani anampenda Rachael, replikanti asiyejijua, ambaye kumbukumbu zake za utotoni ni za mpwa wa Tyrell. Ni Rachael anayemuuliza Deckard kama yeye mwenyewe amewahi kupimwa kwa kipimo hicho. Hapati jibu.

Ushahidi wa wale wanaosema Deckard ni replikanti ni wa aina mbalimbali na thamani yake haiko sawa. Katika toleo la 1982, mkuu wa polisi anasema replikanti sita walitoroka na mmoja akafa. Wanabaki watano, lakini tunaowaona katika filamu ni wanne. Kwa miaka mingi palikuwa na mashabiki waliosema kwamba wa tano ndiye Deckard. Ukweli ni kwamba mswada wa filamu ulikuwa na mhusika mmoja zaidi, mwanamke aitwaye Mary, ambaye aliondolewa kabla ya kupigwa picha, na hesabu ikasahauliwa midomoni mwa mkuu wa polisi. Toleo la 2007 lilisahihisha idadi hiyo. Falsafa nzima ilikuwa imejengwa juu ya kosa la uhariri. (Wanaoshughulikia mashairi ya kale wasiwe wepesi wa kucheka. Kalamu ya mnakili iliyoteleza nayo imepata kufafanuliwa kwa kurasa nyingi kana kwamba ni hekima ya mtunzi.)

Ushahidi wa farasi mwenye pembe moja ni mzito zaidi. Mwishoni mwa filamu, Deckard anaokota mlangoni pake kijifarasi cha karatasi iliyokunjwa, kazi ya askari mwenzake, Gaff. Katika toleo la 1982 ishara hii ina maana ya wazi: Gaff alifika hapo, akamkuta Rachael, akamwacha hai. Lakini katika toleo la 1992, lililoitwa la mwelekezi, kumeongezwa ndoto fupi ambamo Deckard anamwona farasi wa namna hiyo akikimbia msituni. Tangu hapo karatasi ileile inasema jambo jingine kabisa. Gaff anaijua ndoto ya Deckard kama vile Deckard alivyozijua kumbukumbu za Rachael, na kumbukumbu zinazojulikana na wengine ni kumbukumbu zilizopandikizwa. Toleo la 1992 liliondoa pia sauti ya Deckard akisimulia, na vilevile mwisho wa furaha ambao wenye fedha walikuwa wameulazimisha, ule wa wapenzi wakisafiri chini ya milima, ambao picha zake ziliazimwa kutoka mabaki ya The Shining ya Stanley Kubrick. Basi kabla ya kuuliza filamu ina maana gani, inabidi kuuliza filamu ni ipi. Mwanafunzi wa Al-Inkishafi, ambayo miswada yake hutofautiana, hahitaji kuelezwa uzito wa swali hilo. Tofauti ni kwamba hapa mwenye kazi alikuwa hai na aliweza kuulizwa.

Naye aliulizwa. Mwaka 2000, katika filamu ya kumbukumbu iliyoonyeshwa na televisheni ya Uingereza, Ridley Scott alijibu bila kuzunguka kwamba Deckard ni replikanti. Harrison Ford, aliyeigiza nafasi hiyo, kwa miaka mingi alishikilia kinyume chake, kwa hoja kwamba watazamaji walihitaji angalau mtu mmoja wa kuungana naye kihisia. Kwa mashabiki wengi kauli ya Scott ilikuwa hukumu na kesi ikafungwa. Mhakiki ana sababu za kutoifunga. Wimsatt na Beardsley walionya mwaka 1946 kwamba nia ya mtunzi si kipimo cha kutegemewa cha maana ya kazi. Barthes, mwaka 1967, alikwenda mbali zaidi na kumzika mtunzi kabisa, ilhali mwaka huohuo Hirsch alimtetea, akisema bila nia ya mtunzi hakuna fasiri iliyo sahihi kuliko nyingine. Lakini hata anayemfuata Hirsch atakwama hapa, kwa sababu filamu haina mtunzi mmoja. Ina mwandishi wa riwaya, Philip K. Dick, aliyefariki Machi 1982 kabla kazi haijaonyeshwa; ina waandishi wa mswada, waigizaji, mhariri, na wenye fedha waliodai mwisho wa furaha. Scott ni shahidi muhimu miongoni mwa mashahidi kadhaa, na ushahidi wake ulitolewa miaka kumi na minane baada ya tukio.

Jambo ambalo mabishano ya farasi na hesabu yameliacha nyuma ni matokeo ya kimaadili ya kila jibu. Deckard anaua wanawake wawili. Mmoja anampiga risasi mgongoni akikimbia. Anamlazimisha Rachael mapenzi katika tukio ambalo mtazamaji wa leo halitazami kwa raha. Kwa upande wa pili, replikanti wanaogopa kifo, wanaliliana, wanapendana. Na Batty, katika dakika zake za mwisho, anamwokoa mtu aliyekuja kumuua. Filamu inauliza, bila kutamka, ni nani hapa aliye na utu. Deckard akiwa mtu aliyezaliwa, swali hilo linamchoma kila aliyeketi mbele ya kioo. Akiwa replikanti, linapoa: ukatili wake umepata maelezo. Alitengenezwa hivyo.

Dick alikuwa ameliona jambo hili mapema. Katika riwaya yake ya 1968, Do Androids Dream of Electric Sheep?, Deckard anakutana na mwindaji mwenziwe, Phil Resch, anayemuua mwimbaji Luba Luft pasipo kusita, kana kwamba anafurahia. Deckard anatiwa hofu na ubaridi huo, na anajiridhisha kwamba Resch lazima awe androidi, kwani mtu hawezi kuwa hivyo. Anampima. Matokeo yanaonyesha kwamba Resch ni mtu. Sura hii ni ufunguo wa mjadala wote, na inashangaza jinsi mashabiki wa filamu wanavyoitaja kwa nadra. Deckard wa riwaya alitamani Resch awe androidi kwa sababu ileile inayowafanya watazamaji wamtamani Deckard wa filamu awe replikanti. Dick mwenyewe alieleza kwamba mbegu ya riwaya hiyo ilikuwa shajara ya askari wa Kinazi huko Poland, aliyelalamika kwamba vilio vya watoto wenye njaa vinamnyima usingizi. Androidi wa Dick alianzia kwa mtu huyo, aliyezaliwa na mama, na si katika karakana yoyote.

Haki inadai fasiri ya upande wa pili itazamwe katika nguvu zake. Deckard akiwa replikanti, filamu inakuwa habari ya mtumwa aliyepewa bunduki awasake watumwa wenziwe, bila kujua kwamba yeye ni mmoja wao. Historia ya makoloni haikosi mifano ya kazi hiyo, na msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kwenda sayari nyingine kuitafuta. Fasiri hii ina uchungu wake, na haistahili kuitwa upuuzi. Hata hivyo kuna kitu inachokipoteza. Batty anapomshika Deckard mkono juu ya paa, uzito wa kitendo unatokana na umbali uliopo baina yao: mwenye kudharauliwa anamhurumia mwenye kudharau. Ukiuondoa umbali huo, Batty amemwokoa ndugu yake, jambo jema lakini la kawaida.

Lugha ya Kiswahili inamnyima mhakiki nafasi ya kujificha katika jambo hili. Kila anapoandika sentensi juu ya Batty analazimika kuamua upatanisho wa kisarufi: replikanti huyu amekufa, au replikanti hii imeharibika? Mashine na roboti huingia katika I-ZI bila ubishi. Lakini neno kiumbe, ijapokuwa limevaa ki- ya vitu, hupatanishwa kama mtu, sawa na kipofu na kiziwi. Na yupo kijitu, ambaye mzungumzaji akitaka kumdharau humshusha mpaka kwenye upatanisho wa vitu: kijitu hiki kimekuja. Yaani wenye lugha wanajua vizuri kwamba utu unaweza kutolewa na kunyang'anywa kwa kiambishi, na kwamba anayefanya hivyo ni msemaji. Makala hii imeandika a- na wa- tangu mwanzo, na kwa kufanya hivyo imekwisha kuchukua upande. Polisi wa filamu nao wanalo neno lao. Mwanzoni kabisa tunaambiwa kwamba kumuua replikanti hakuitwi kuua, kunaitwa kumstaafisha. Neno ambalo mtumishi wa serikali aliyewahi kupewa barua ya kustaafishwa kwa manufaa ya umma atalitambua mara moja, pamoja na ubaridi wake.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama Deckard ni mtu angefanya vyema kumwacha farasi wa karatasi na kurudi kwenye kifo cha Zhora. Anakimbia katika barabara iliyojaa watu, amevaa koti la mvua linaloonyesha mwili. Risasi zinampata mgongoni, anapasua kioo cha duka kimoja baada ya kingine, anaanguka kati ya sanamu za kuonyeshea nguo, ambazo zina sura za watu na hazina damu. Yeye anayo, nayo inatiririka. Deckard anamtazama. Askari wanawaamuru wapita njia waendelee na safari zao, naye anakwenda kununua chupa ya pombe.