Andika Ulichokiona Mtoni

Wanangu mnaoanza kazi ya kupima maji, mimi nimezeekea hapa Bagamoyo, na ujana wangu wote niliumalizia kwenye ubao wa vipimo uliosimikwa katika mto Ruvu. Nianze mbali kidogo, kwenye theluji.

Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Nevada, Marekani, mwalimu wa Kilatini aitwaye James Church alikuwa akipanda mlima Rose wakati wa baridi kali, kabeba bomba la chuma lenye meno ya msumeno. Analididimiza kwenye theluji mpaka chini, analichomoa, analitundika kwenye mizani. Kina peke yake hakikumtosha. Theluji ya futi tatu huweza kuwa nyepesi kama sufi au nzito kama mchanga uliolowa, na kinachoteremka mtoni ni ule uzito. Kwa hesabu hiyo akatabiri Ziwa Tahoe la huko huko litapanda kiasi gani. Baadaye yakaja magodoro yenye kimiminika kisichoganda, theluji ikiyalalia yanaonyesha uzito wake, kisha setilaiti.

Sisi theluji yetu iko Kilimanjaro. Mwaka 1912 barafu yake ilienea kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia 2011 zilikuwa hazifiki 2. Mwaka 2000 uliwekwa mtambo juu ya barafu ya kaskazini wa kupima inavyoongezeka na kupungua. Lakini msidanganyike: maji mengi ya mto Pangani hutokana na mvua inayonaswa na misitu ya mlima ule, wala si barafu. Na Ruvu wetu hauna theluji hata chembe. Ghala lake ni misitu ya Uluguru. Oktoba 2022 mto ulipopungua, Dar es Salaam ilipata maji kwa mgawo.

Upungufu kama huo huonekana kwenye namba za kila siku, ndiyo maana nawasihi mlishike daftari la vipimo. Masika moja mvua ilinikalisha ndani. Sikwenda mtoni, nikaandika namba ya jana. Usiku ule maji yalikuwa yamepanda, nikaona tope kwenye ubao siku ya pili, juu kabisa ya namba niliyoandika. Namba ile ya uongo imo daftarini mpaka leo, na anayekokotoa mafuriko anaiamini.

Mkishindwa kwenda, acheni nafasi wazi. Na kesho saa tatu asubuhi, nawaombeni, nendeni.