Mji Ukifungwa, Mgeni Ana Deni Gani?

Umetoka Moi's Bridge kwa basi, umevuka Malaba, umepita Kampala, unaingia Kigali asubuhi ya tarehe 7 Aprili. Maduka yamefungwa, baa kimya. Unanung'unika: msiba huu unanihusu nini mimi?

Ni swali la haki. Mwaka 1994, Watutsi wakiuawa, pengine hukuwa hata umezaliwa. Lakini mgeni hadaiwi machozi. Anadaiwa kuuliza tu, na mlango uliofungwa ndio humfanya aulize.

Sasa geukia kwetu. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliojificha kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomwa moto. Kila ikifika tarehe hiyo, sisi ni muziki na hepi nyuu ya. Mgeni akipita hapa hasumbuliwi na chochote, na haulizi chochote. Starehe yake hiyo imelipiwa na waliofiwa.