Mpime Reagan kwa Saini Zake

Mpwa wangu,

Umeniandikia kwamba klabu ya midahalo ya chuo chenu huko Marekani imekupanga uzungumzie urithi wa Ronald Reagan ukiwa upande wa Walibertariani, na kwamba umekwisha kukusanya hotuba zake ili umsifu. Hotuba ziweke kando kwanza. Tafuta alichosaini.

Hao utakaoketi nao meza moja wana pishi yao. Wanaamini kwamba mtu mzima ndiye mwenye mwili wake, jasho lake na mali yake; serikali ipo ili mmoja asimdhuru mwingine na mikataba iheshimiwe, na ikivuka hapo imeingia shamba lisilo lake. Mimi siikubali yote hiyo. Nimeona visima vya vijijini ambavyo hakuna mfanyabiashara angejisumbua kuvichimba. Lakini hukuitwa kutetea imani ya mjomba wako. Ukishaichukua pishi yao, mpimie kila mmoja kwa hiyo hiyo, wala usiitikise ili ishindiliwe zaidi zamu ya mtu wako inapofika.

Reagan alijua kuwasemesha. Mwaka 1975, akiwa ametoka kuwa gavana wa California, aliliambia jarida la Reason kwamba roho ya uhafidhina ni huo huo ulibertari. Alipoapishwa, tarehe 20 Januari 1981, akatamka kwamba katika msukosuko ule serikali haikuwa dawa, ilikuwa ndiyo ugonjwa. Wapo wanaoishi kwa maneno hayo mpaka leo.

Na yapo aliyoyatenda. Alikuta kiwango cha juu cha kodi ya mapato ya serikali kuu kikiwa asilimia 70. Sheria ya 1981 ikakishusha hadi 50, na ya 1986 ikakifikisha 28. Tena ile ya 1981 ilikuwa na kifungu ambacho wengi hukisahau. Zamani bei zikipanda na mshahara ukapandishwa ili kuzifuata, mtu alijikuta amesukumwa daraja la juu la kodi ingawa kapu lake sokoni halikuongezeka kitu, na serikali ikavuna bila mbunge yeyote kuinua mkono. Kuanzia 1985 madaraja ya kodi yakawa yanasogea pamoja na bei. Hilo msifie bila kigugumizi.

Baada ya hapo hesabu inaanza kumlemea. Matumizi ya serikali kuu yalikuwa dola bilioni 678 mwaka 1981. Alipoondoka 1989 yalikuwa yamepita bilioni 1,100. Yakipimwa kwa ukubwa wa uchumi yalipungua kidogo tu. Deni la taifa likakua karibu mara tatu. Milton Friedman, aliyekuwa katika bodi yake ya washauri wa uchumi, hakuchoka kusema kwamba kodi ya kweli ni kile serikali inachotumia, kwa hiyo kodi iliyokatwa huku matumizi yakiendelea imesogezwa mbele tu, ailipe mwingine. Reagan aliahidi kuzifuta Wizara ya Nishati na ya Elimu. Zote mbili zilibaki, na mwaka 1988 akasaini kuanzishwa kwa nyingine, ya maveterani.

Kwenye biashara huria napo usitembee kifua mbele. Mwaka 1981 Japani ilikubali "kwa hiari" kutopeleka Marekani magari zaidi ya milioni 1.68 kwa mwaka. Hiari ya mtu aliyeshikwa ukosi. Mwaka 1983 ushuru wa pikipiki kubwa kutoka nje ulirushwa kutoka asilimia 4.4 hadi 49.4 ili kuilinda Harley-Davidson. Mnunuzi ndiye aliyelipa.

Ila ningekuwa wewe, nisingekawia kwenye pikipiki. Ningekwenda gerezani.

Sheria ya dawa za kulevya ya Oktoba 1986 iliweka kwamba mtu akikamatwa na gramu 5 za kokeini ya kuvuta, ile iitwayo crack, kwa nia ya kuiuza, anafungwa miaka isiyopungua mitano, na hakimu hana la kupunguza. Wa kokeini ya unga alihitaji gramu 500 ndipo afikie kifungo hicho. Crack ilikuwa ya mitaa ya maskini, na waliofungwa kwa ajili yake katika mahakama za serikali kuu wengi mno walikuwa weusi. Pengo hilo la moja kwa mia lilidumu hadi 2010, na hata hapo lilipunguzwa tu, halikufutwa. Miaka miwili kabla ya sheria hiyo ya dawa, sheria ya 1984 ilikuwa imewapa polisi wa majimbo mgawo wa mali wanayoikamata wakishirikiana na serikali kuu. Katika utaratibu huo mtu huweza kupoteza gari, nyumba au fedha taslimu bila kukutwa na hatia mahakamani, kwa kuwa kinachoshtakiwa ni mali yenyewe. Askari akipewa fungu katika anachokinyang'anya, unategemea nini? Kwa mtu anayesema mwili na mali ni vya mwenyewe, hakuna saini nzito kuliko hizi mbili.

Mwaka huo huo wa 1984 akasaini sheria ya umri wa kunywa pombe. Jimbo lililowaruhusu walio chini ya miaka 21 kununua lilikatwa sehemu ya fedha za barabara. South Dakota ikaenda Mahakama Kuu ya Marekani, ikashindwa 1987 kwa majaji saba dhidi ya wawili. Rais aliyehubiri kwamba majimbo yaachiwe mambo yao ndiye aliyeyaminya kwa kamba ya mfuko.

Uwe mwadilifu lakini. Baraza la Wawakilishi lilikuwa mikononi mwa Democrats miaka yake yote minane, na sheria ile ya dawa za kulevya ya 1986 wao ndio waliokuwa mbele kuisukuma, baada ya kijana mchezaji wa mpira wa kikapu, Len Bias, kufa kwa kokeini mwezi Juni. Ukiyaficha hayo, mpinzani atayafichua, nawe utaonekana mdogo. Saini lakini ilikuwa ya Reagan, na hakulazimishwa.

Walibertariani wenyewe hawakuwa kitu kimoja juu yake. Murray Rothbard, mwanauchumi wao, aliandika makala kali kabisa dhidi yake. Ron Paul, mbunge wa Texas aliyekuwa miongoni mwa wachache waliomuunga mkono Reagan mapema mwaka 1976, alijitoa katika chama cha Republican 1987 akilia na madeni, na mwaka uliofuata akagombea urais kwa tiketi ya chama cha Libertarian. Alipata kura zipatazo laki nne na ushei, chini ya nusu ya asilimia moja. Usimtumie kama ushahidi kwamba wananchi walimkataa Reagan. Mtumie kuonyesha kwamba waliokuwa na pishi hiyo mkononi waliona upungufu wakati ule ule.

Sasa njoo kwa Jimmy Carter, ambaye nina hakika hukumfikiria. Mwamba ngoma huvutia kwake, na wapenda soko huria hawakumvutia Carter kwao, kwa sababu alikuwa Democrat na alizungumza kwa unyonge. Angalia saini zake. Hadi 1978, bodi ya serikali ndiyo iliyoamua shirika gani la ndege liruke kutoka mji gani kwenda upi na kwa nauli ipi, na tangu 1938 haikuwa imeruhusu hata shirika moja jipya kubwa kuingia katika njia kuu. Carter alimweka Alfred Kahn, profesa wa uchumi, aongoze bodi hiyo, naye akaanza kuibomoa kutoka ndani. Oktoba 1978 sheria ikasainiwa. Mwisho wa 1984 bodi yenyewe ikafungwa. Malori na reli zikafuata 1980. Mwezi Agosti 1979 alimteua Paul Volcker kuongoza benki kuu, naye akapandisha riba mpaka mfumuko wa bei ukavunjika mgongo, Carter akiwa amekwisha kushindwa uchaguzi na sifa zikienda kwa mwenzake. Siku yake ya kwanza kamili ofisini, 21 Januari 1977, aliwasamehe waliokwepa kuandikishwa jeshini kwa vita vya Vietnam. Na Oktoba 1978 alisaini sheria iliyomwezesha mtu kupika bia nyumbani kwake kwa matumizi yake bila kodi. Mama muuza pombe ya kienyeji wa kwetu angeielewa sheria hiyo kabla ya maprofesa wako.

Carter naye ana dosari zake. Wizara zile mbili, ya Nishati na ya Elimu, alizianzisha yeye. Mwaka 1980 akarudisha uandikishaji wa vijana kwa ajili ya jeshi, baada ya Warusi kuingia Afghanistan. Reagan aliupinga akiwa mgombea, akauendeleza akiwa rais.

Kuna swali moja ambalo watakuwekea wewe hasa, kwa kuwa umetoka Morogoro. Septemba 1986 Reagan alikataa kusaini vikwazo dhidi ya Afrika Kusini, na Kongresi ikampiku, wawakilishi 313 kwa 83 na maseneta 78 kwa 21. Sisi tuliokuwa na Mazimbu jirani, na vijana wa ANC wakisoma pale, hatukuhitaji kuelezwa uzito wa kura ile. Mwenzako mmoja atasimama aseme kwamba Mlibertariani wa kweli hupinga vikwazo, kwa sababu vinawazuia watu wawili waliokubaliana kufanya biashara. Hoja hiyo ina miguu, usiicheke. Lakini muulize mambo mawili. Ubaguzi ule ulikuwa nini kama si serikali kumwambia mtu alale wapi, afanye kazi gani, amiliki ardhi ipi na atembee na karatasi gani mfukoni? Walter Williams, mwanauchumi Mmarekani mweusi na mpenda soko huria, aliandika kitabu kizima mwaka 1989 kuonyesha kwamba ubaguzi ule ulikuwa vita dhidi ya soko. Halafu muulize kuhusu Nicaragua. Mei 1985 Reagan huyo huyo aliikatia biashara Nicaragua, na Januari 1986 Libya. Kama vikwazo ni dhambi, ni dhambi Managua na Tripoli pia. Aliyeachiwa apumue alikuwa Botha wa Afrika Kusini.

Hukumu yangu, kama unaitaka: katika kodi Reagan anamshinda Carter waziwazi. Katika kuondoa vibali na ruhusa za kufanya biashara, Carter yuko mbele, na Reagan alimalizia tu, kama alivyofanya alipofuta udhibiti wa bei za mafuta. Katika magereza na mali za watu, kwa pishi hiyo yao, Reagan ameanguka vibaya, na sioni namna ya kumuinua. Ile kashfa ya silaha, Iran-Contra, usiiguse ukipewa dakika chache, itazimeza zote.

Anza na Carter. Wapinzani wako watakuja na makabrasha ya Reagan tu, na utakuwa umekwisha kusema nusu ya hoja yako kabla hawajafungua ukurasa.

Mjomba wako