Mkutano Ukishavunjika

Aprili inapokaribia, anayekaa jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakosi pa kwenda. Kuna mhadhara, kuna mdahalo wa wanafunzi, kuna igizo, kuna uzinduzi wa kitabu. Mingi ya mikusanyiko hiyo huishia Ukumbi wa Nkrumah, ambao Watanzania wengi wasiowahi kufika Mlimani, kama chuo hicho kinavyoitwa, waliujua kwa kuuona nyuma ya iliyokuwa noti ya shilingi 500. Watu hukaa, husikiliza, hupiga makofi, kisha hupanda daladala kurudi Sinza, Mabibo au Changanyikeni.

Je, aliyehudhuria ametenda jambo, au amekaa tu?

Dini zimeshalijibu swali hili kwa namna yake. Swala ya Ijumaa ni faradhi kwa mwanamume Mwislamu aliyebaleghe asiye na udhuru, na Mkatoliki naye anawajibika kwa Misa ya Jumapili. Kwa wote wawili, kufika kwenyewe ni tendo. Msikitini, anayemsemesha jirani yake wakati wa hotuba hukosea. Ukimya wake ni sehemu ya ibada. Lakini ibada zote mbili humtoa mtu nje. Sura ya Al-Jumua inawataka waumini watawanyike katika ardhi swala ikishakwisha, wakatafute fadhila za Mungu. Padri naye hafungi Misa kabla ya kuwatuma waumini waende. Kukusanyika kunahesabika, ila hesabu haijafungwa mpaka watu wametoka.

Kwa kipimo hicho, Mlimani ina historia nzito. Mwaka 1967 wanafunzi kutoka nchi mbalimbali waliunda chama cha kimapinduzi kilichojulikana kwa kifupi kama USARF, Yoweri Museveni akiwa mwenyekiti. Siku waliyoichagua kwa madarasa yao ya itikadi ilikuwa Jumapili, wenzao wengi wakiwa kanisani, na Walter Rodney alikuwa miongoni mwa waliowalea kifikra. Hakuna aliyewapa alama za mtihani kwa kusoma kule. Mwaka 1968 Museveni na wenzake kadhaa walivuka hadi Msumbiji, kwenye maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO, wakajionee wenyewe vita ya ukombozi waliyokuwa wakiijadili. Wengine walianzisha jarida la Cheche, ambalo mwaka 1970 lilitoa toleo maalumu la andiko la kijana Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka nchini. Novemba mwaka huohuo, chama na jarida vyote vilipigwa marufuku. Marufuku ile ni ushahidi wa aina yake: hakuna mkubwa anayehangaika kulifunga darasa ambalo maneno yake hayavuki mlango.

Yupo atakayepinga kwamba chuo si msikiti wala chama. Ni miongoni mwa mahali pachache ambapo mtu anaruhusiwa kusikiliza bila kutumwa popote, na kudai kila hoja izae matunda kesho asubuhi ni kuiua. Hoja hiyo ina uzito. Kigoda cha Mwalimu Nyerere, yaani kiti cha uprofesa hapo chuoni, kilipoanzishwa mwaka 2008, Shivji yuleyule ndiye aliyekuwa wa kwanza kukikalia, na tamasha lake la kwanza, Aprili 2009, lilimleta Wole Soyinka. Nani awezaye kusema ni mbegu gani iliyomwangukia msikilizaji wa safu ya nyuma siku ile? Kazi nyingine ya akili huchukua miaka arobaini.

Hata hivyo, subira isiwe kisingizio. Aliyempokea Shivji kigoda hicho, Penina Mlama, alikuwa tayari ameonyesha njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, yeye, Amandina Lihamba na wenzao walikwenda Malya, mkoani Mwanza, kufanya sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Wanakijiji wenyewe walitaja tatizo, wakalichambua, wakalitungia ngoma na igizo, kisha wakalijadili mbele ya wote. Pale hapakuwa na safu ya nyuma. Aliyekuja kutazama alijikuta anaulizwa.

Kinachotia doa mikutano mingi ya leo ni bahasha. Mahali ambapo mshiriki anasaini karatasi ya posho kabla ya kusaini maazimio, ni vigumu kujua nani hasa ametenda: aliyekuja, au aliyelipa aje. Lakini hapa pia haki itendeke. Mama anayefunga genge lake Manzese ili ahudhurie semina amepoteza mauzo ya siku, na nauli anayorudishiwa haimnunui.

Mabibo, karibu na hosteli za wanachuo, Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, umeendesha kwa miaka mingi semina za Jumatano zilizo wazi kwa yeyote. Hazina fahari ya Ukumbi wa Nkrumah. Faida yake ni kwamba Jumatano hurudi. Aliyesema wiki hii kwamba atafuatilia bajeti ya maji ya kata yake anaweza kukutana wiki ijayo na mtu yuleyule aliyemsikia, akaulizwa amefikia wapi. Mwanafunzi anayepanga Aprili yake, akiwa na matangazo matano mkononi, angeweza kuanza kwa kuwauliza waandaaji jambo moja: baada ya hapo tunakutana lini tena?