Nani Anamlipa Anayekuelewesha?

Kila darasa kubwa la chuo kikuu hapa Kenya lina mtu mmoja ambaye hayumo kwenye orodha ya wahadhiri, lakini bila yeye nusu ya darasa ingeenda sapu. Unamjua. Ni yule komredi ambaye usiku wa kuamkia CAT chumba chake kina watu kumi na wawili, wengine wamekalia ndoo, na wote wana swali lile lile ambalo mhadhiri alilipitia kwa dakika mbili mbele ya watu mia nne, na maikrofoni yenyewe inakwaruza. Yeye atakaa nalo saa nzima. Atalipwa nini? Chapo madondo, akibahatika. Mara nyingi ni "Mungu akubariki, msee," kisha kila mtu anaenda kulala.

Je, mtu huyu anadai? Na kama anadai, mdaiwa ni nani: wale waliokalia ndoo, au chuo?

Nikiwauliza wenzangu, wengi hukunja uso. Ati sasa hata kueleweshana kuwe na bei? Tumekua tukiambiwa kwamba ujuzi haupungui ukigawa. Katika vyuo vya Kurani kule pwani, mwanafunzi aliyetangulia amekuwa akimsomesha anayemfuata tangu zamani, na haikuwa ajira. Ukileta pesa, wanasema, utaharibu kitu kizuri.

Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 1970 msomi wa Uingereza, Richard Titmuss, alichapisha kitabu kiitwacho The Gift Relationship. Alilinganisha nchi yake, ambako damu ya hospitali ilitolewa bure, na Marekani, ambako nyingi ilinunuliwa. Hoja yake ilikuwa kwamba soko la damu linadhoofisha moyo wa kutoa, na hata damu yenyewe inakuwa ya kutiliwa shaka. Miaka thelathini baadaye, wanauchumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walieleza kisa cha vituo vya kulelea watoto mjini Haifa, Israel. Vituo vilianza kuwatoza faini wazazi waliochelewa kuchukua watoto wao. Waliochelewa wakaongezeka. Zamani ukichelewa uliona haya mbele ya mwalimu, sasa unalipa na kwenda zako. Na faini ilipoondolewa, haya hazikurudi.

Kwa hivyo pesa si kitu cha kuchezea. Hata hivyo, kutoa damu ni kazi ya muda mfupi, mara chache kwa mwaka. Kumwelewesha mtu kalkulasi ni kila Jumanne na kila Alhamisi, muhula mzima. Tena hata kwenye damu, muuguzi anayekudunga sindano analipwa, na sijasikia mtu akisema mshahara umemtoa huruma.

Kuna jambo lingine ambalo kina Titmuss hawanisaidii kulijibu. Bure ni ya nani? Nani ana uwezo wa kufundisha bure?

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliponishinda, kwa hivyo ninaongea nikiwa nje ya geti. Lakini nilikaa ndani vya kutosha kuona kilichompata dada mmoja wa darasa letu. Alikuwa na kipaji cha kueleza. Hakuwahi kukwambia jibu; alikuuliza swali dogo, halafu dogo zaidi, hadi ukajikuta umefika. Mwezi wa kwanza alitufunza kila jioni. Mwezi wa pili kodi ya nyumba ikamwandama, akaingia kwenye ile kazi ambayo wanafunzi wengi wa Nairobi wanaijua: kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha na kazi zao za darasani kupitia intaneti. Zile jioni zetu zikawa zao. Kundi letu likavunjika kabla ya mtihani, na hakuna aliyemlaumu. Mkono mtupu haulambwi.

Hebu lifikirie hilo. Ubongo ule ule, saa zile zile za usiku. Akimwelewesha jirani yake wa hosteli, thamani yake ni baraka. Akimwandikia mtu asiyemjua, aliye ng'ambo, ili mtu huyo amdanganye mhadhiri wake, analipwa kwa dola. Uingereza ilipitisha sheria dhidi ya wauzaji wa kazi hizo mwaka 2022, na tangu ChatGPT ije mwishoni mwa mwaka huo huo wengi wamelalamika kwamba kazi zimekauka. Lakini miaka hiyo yote soko lilikuwa limeshatuonyesha kwamba ujuzi wa mwanafunzi wa mwaka wa pili una bei. Aliyekosekana ni mnunuzi mwenye nia njema.

Na huko huko Marekani, mnunuzi huyo yupo. Chuo Kikuu cha Colorado kilichoko Boulder kilianzisha mwaka 2003 mpango wa wasaidizi wa masomo. Ni wanafunzi wa shahada ya kwanza, waliofanya kozi hiyo karibuni, wanaorudi kusaidia darasa kubwa la fizikia au kemia. Kila wiki wanakaa na mhadhiri kupanga somo. Wanaoanza wanasoma pia kozi fupi ya namna ya kufundisha: jinsi ya kuuliza, jinsi ya kunyamaza mtu akifikiri. Kisha wanaingia darasani na kuzunguka kwenye makundi. Wanalipwa. Utafiti wa chuo hicho uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba waliopitia kozi zenye wasaidizi hawakuanguka sana kama wenzao.

Kabla ya hapo, mwaka 1973, Chuo Kikuu cha Missouri kilichoko Kansas City kilianza mpango ambao wazo lake ninalipenda zaidi. Hawakutafuta wanafunzi dhaifu. Walitafuta kozi zinazoangusha watu wengi, wakaziwekea mwanafunzi aliyewahi kuzipita vizuri. Anahudhuria mihadhara upya pamoja na darasa, kisha anaongoza vipindi vya marudio ambavyo yeyote anaweza kuingia. Mwenye tatizo ni kozi. Kwetu ukianguka, mwenye tatizo ni wewe, na unalipia karatasi ya sapu kutoka mfukoni mwako.

Hapo ndipo jibu langu linapoanzia. Chuo kinapoweka watu mia nne mbele ya mhadhiri mmoja, bila makundi madogo ya mafunzo, kimeshapiga hesabu. Kimeshajua kwamba pengo litazibwa na mtu fulani, usiku, kwa moyo wake. Wema wa mtu mmoja kwa rafiki yake ni zawadi. Wema ambao taasisi imeutegemea ili darasa lisimame ni kazi ambayo haijaandikiwa mkataba. Na mwaka 2024 peke yake, zaidi ya watahiniwa 246,000 walipata C+ na kuendelea kwenye KCSE, alama ya kuingia chuo kikuu. Kumbi za mihadhara hazitapungua watu.

Kwa hivyo mdaiwa ni chuo. Hilo ni muhimu kwa sababu ya kile kisa cha Haifa. Aliyekalia ndoo akitoa mia mbili, anakuwa mteja, na asiye na mia mbili anabaki nje ya mlango. Chuo kikilipa, mlango unabaki wazi na uhusiano wa wawili hao haubadiliki. Je, saa za malipo zikiisha na mtu akabisha hodi usiku, msaidizi atafungua? Sina hakika. Baadhi hawatafungua. Lakini yule dada wa darasa letu alikuwa ameshaacha kufungua, na hakuna senti iliyokuwa imemharibu. Ukosefu wa pesa ndio uliomfungia mlango. Mfumo wa bure una mchujo wake wa siri: unawaachia ukarimu wale ambao nyumbani wanatumiwa pesa ya matumizi.

Hatari kubwa naiona kwingine. Mwaka 1798, Joseph Lancaster alifungua shule ya watoto maskini jijini London, na njia yake ikasambaa hadi nchi nyingi: mwalimu mmoja, mamia ya watoto, na watoto wakubwa wakiwafunza wadogo. Sifa yake kuu ilikuwa kwamba ni rahisi, kwa maana ya bei. Mkuu wa chuo mwenye madeni akisikia wazo langu, naogopa atasikia hilo tu. Atawapa wanafunzi posho kidogo na kuacha kuajiri. Ikiwa hivyo, afadhali ndoo.

Na mtu ataniuliza, kwa haki kabisa: wahadhiri wenyewe wamegoma mara kadhaa wakidai pesa za mkataba wao wa 2017 hadi 2021, wewe unataka mwanafunzi alipwe? Ndiyo, lakini si kutoka mfuko wa mishahara ya wahadhiri. Vyuo kadhaa vya umma tayari vina mpango wa kazi kwa wanafunzi wenye uhitaji. Mwanafunzi anapanga vitabu maktabani, anapeleka faili ofisini, anasaidia jikoni au kufagia, na saa zake zinahesabiwa. Sidharau ufagio hata kidogo. Nashangaa tu kwamba tumekubali kumlipa komredi kwa kupanga kitabu cha kalkulasi kwenye rafu, ila akikifungua na kumwelewesha mwenzake, hapo tunasema ni moyo.

Ningeanza na kozi moja tu, ile inayojulikana na kila mtu chuoni kwa kuangusha. Wasaidizi wachache, saa sita kwa wiki, na wasiguse kusahihisha mitihani, maana ukimpa mtu maksi za rafiki zake umempa mtihani wake mwenyewe. Na wasichaguliwe kwa A peke yake. Wapo wenye A ambao wakieleza kitu unatoka umechanganyikiwa zaidi.

Mhadhiri mmoja niliyemweleza haya hakubishana nami kuhusu Titmuss wala Lancaster. Aliuliza tu nani atawafunza hao wasaidizi kabla hawajaanza, na lini, kwa sababu Ijumaa yake ya mwisho iliyokuwa wazi ilichukuliwa na darasa la jioni. Nikamwambia saa hizo nazo zilipwe. Akacheka, akaniomba nimwandikie hesabu yake.