Mwombaji Tusiyemjua na Haki Yake Katika Mali Zetu



Tumeletewa suala na mmoja katika wasomaji wetu, naye ni mfanyabiashara wa Mombasa. Asema kwamba mwezi wa Ramadhani alijiwa dukani mwake na mtu asiyemjua, mwenye karatasi za hospitali zilizopigwa mihuri, akamweleza kuwa mkewe amelazwa na hatatolewa mpaka deni lilipwe. Mfanyabiashara akamhurumia, akampa shilingi 30,000 katika zaka ya mali yake. Haikupita miezi miwili akamwona mtu yule yule mbele ya msikiti mwingine baada ya sala ya Ijumaa, ana karatasi nyingine, na mara hii mgonjwa si mke bali ni mama. Ndugu yetu akaghadhibika, akaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba tangu siku ile hatampa kitu mtu yeyote asiyemjua. Atuuliza mambo mawili: je, zaka yake imesihi? Na je, ana makosa kwa kiapo chake?

Hatudhani kuwa yuko mtu katika miji yetu ambaye suala hili halimhusu. Ijumaa waombaji hupita duka hata duka, na Ramadhani idadi yao huzidi. Yuko msafiri aliyeibiwa nauli, yuko mwenye kufiwa, yuko mwenye watoto waliofukuzwa shule. Na tangu Mpesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, mwombaji hana haja tena ya kufika mlangoni. Habari yake huja ndani ya simu pamoja na picha ya mtoto mgonjwa, ikapitishwa kutoka kwa huyu hata kwa yule, na anayeipitisha aghlabu hamjui mwenye picha wala mwenye nambari.

Watu wetu mbele ya jambo hili wamegawanyika mafungu mawili. Wako wanaompa kila ajaye, sarafu moja moja, wasimtazame usoni. Na wako wanaomnyima kila ajaye, wakasema, "Hawa wote ni waongo." Mafungu haya mawili yaonekana kuwa mbali, lakini sisi twaona kuwa yana asili moja, nayo ni uvivu. Wa kwanza atoa ili mwombaji aondoke, wa pili asema neno ili mwombaji aondoke. Hakuna katika wawili hao aliyetaka kujua.

Sheria yetu haikutuacha hivyo. Qur'ani imewasifu wacha Mungu, katika Surat adh-Dhariyat na Surat al-Maarij, kwa kuwa katika mali zao mna haki ya mwenye kuomba na ya mwenye kunyimwa. Imeitwa haki, haikuitwa hisani. Katika Surat adh-Dhuha Mtume mwenyewe amekatazwa kumkemea mwombaji, na katika Surat al-Baqara tumefunzwa kuwa neno jema na kusamehe ni bora kuliko sadaka inayofuatwa na maudhi. Basi hata asiyepewa ana haki ya kujibiwa jawabu njema. Kumwita mtu mwongo mbele za watu, ambaye hatukuhakikisha uwongo wake, si jambo la kuhalalika kwa sababu tu ametuomba.

Lakini sheria hiyo hiyo imesema na mwombaji pia. Katika hadithi ya Qabisa bin Mukhariq, aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) alimfahamisha kuwa kuomba hakumhalalikii ila mmoja katika watu watatu: aliyejitwika dhamana ya mali ili kusuluhisha watu, mpaka ailipe, aliyefikwa na msiba ulioteketeza mali yake, mpaka apate cha kumsimamisha, na aliyepatwa na ufukara mpaka watu watatu wenye akili, katika watu wake mwenyewe, waseme kuwa kweli fulani amepatwa na ufukara. Kinachochumwa nje ya hayo ni haramu. Tuizingatie hadithi hii vizuri. Mashahidi hawakutakiwa kuwa watu wa mbali wala wakubwa wenye vyeo. Wametakiwa kuwa watu wake, kwani wao ndio wanaojua jiko lake kama lawaka au haliwaki.

Na tutazame jinsi Mtume alivyotenda. Walipomjia watu wa kabila la Mudhar, nao wako karibu na uchi, wamevaa mablanketi tu, uso wake ulibadilika kwa huruma. Akaamrisha adhana, akasalisha, akawahutubia Waislamu watoe, na watu wakaleta mpaka pakawa na marundo mawili ya chakula na nguo. Hakuwauliza wageni wale ushahidi wowote, kwa sababu hali yao yenyewe ilikuwa ushahidi. Lakini walipomjia watu wawili katika Hija ya Kuaga, wakitaka sehemu katika sadaka, aliinua macho akawatazama kisha akayateremsha, akawaona wana nguvu. Akawaambia kuwa akipenda atawapa, ila humo hamna fungu la tajiri wala la mwenye nguvu awezaye kuchuma. Hakuwafukuza wala hakuwaaibisha. Aliwajulisha hukumu, akaliweka jambo shingoni mwao.

Liko jambo jingine alilolitaja Imam Ghazali katika Ihya. Sayyidna Umar alimsikia mtu akiomba baada ya magharibi, akamwamrisha mmoja katika watu wake ampe chakula cha usiku. Kisha akamsikia tena akiomba. Akauliza, akaambiwa kuwa amekwisha kulishwa. Ndipo Umar akamtazama, akaona chini ya kwapa lake mfuko uliojaa mikate. Akamwambia kuwa yeye si mwombaji bali ni mfanyabiashara, akaumwaga mkate ule mbele ya ngamia wa sadaka. Wengi huisimulia habari hii kwa sababu ya mwisho wake, kwani yawapa radhi ya kumkemea mwombaji. Sisi twawataka waisome kutoka mwanzo wake. Umar alilisha kwanza, akachunguza baadaye. Na hakumwita mfanyabiashara ila baada ya kuuona mfuko kwa macho yake.

Kwa hivyo yatupasa kupambanua baina ya mambo mawili ambayo watu wetu huyachanganya, nayo ni sadaka na zaka.

Sadaka ya khiari mlango wake ni mpana. Mwenye njaa hupewa chakula, mwenye kiu maji, mgeni aliyekwama hupewa cha kumfikisha, bila ya kumtaka barua wala shahidi. Na aliyetoa kwa nia njema hapotezi thawabu zake kwa uwongo wa mpokeaji. Katika hadithi waliyoafikiana Bukhari na Muslim, mtu mmoja alitoa sadaka usiku, asubuhi watu wakanena kuwa imeangukia mikononi mwa mwizi. Akatoa tena ikamwangukia mzinifu. Akatoa tena ikamwangukia tajiri. Akaambiwa kuwa huenda kwa sababu yake mwizi akaacha wizi, mzinifu akajizuia na zinaa, na tajiri akazingatia naye akatoa. Anayekataa kutoa sahani ya wali kwa hofu ya kudanganywa, basi ajue kuwa hofu hiyo ni ubakhili uliovaa kanzu ya hekima.

Ama zaka ni amana. Si mali yetu tukaichezea kwa huruma zetu. Ni mali ya aina nane za watu waliotajwa katika Surat at-Tawba, nasi tumekabidhiwa tuifikishe. Aliyepewa barua ya mtu amfikishie mwenyewe hampi wa kwanza atakayemkuta njiani akidai kuwa yeye ndiye. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Minhaj, kitabu mashuhuri cha fiqhi yetu ya Kishafii, nani hukubaliwa kwa neno lake na nani hutakiwa ushahidi. Mwenye kudai ufakiri, ambaye hajulikani kuwa na mali, hakalifishwi ushahidi. Lakini aliyejulikana kuwa na mali, kisha akadai kuwa imeteketea, hutakiwa athibitishe. Msafiri hupewa kwa neno lake, na asiposafiri hurejesha. Na mwenye kudai deni hutakiwa ushahidi: watu wawili waadilifu waseme, au habari iwe imeenea baina ya watu, au mwenye kumdai asadikishe.

Wallahi ingelikuwa tumeyafuata haya, mwongo wa karatasi asingelipata soko! Kwani yule aliyemjia ndugu yetu alidai deni, na mwenye kumdai alikuwa hospitali. Basi mwenye kusadikisha alikuwa hospitali, si karatasi. Mhuri huchongwa. Kupiga simu ofisi ya hospitali, au kwenda mwenyewe dirishani kwa mshika fedha, au kutuma katika nambari ya malipo ya hospitali yenyewe kwa jina la mgonjwa, si kazi ya siku nzima. Na aliye mkweli hachukizwi na hilo. Bali mwenye mgonjwa kweli atakushika mkono akupeleke wodini mwenyewe. Vivyo hivyo aletaye barua ya imamu au ya chifu wa kwao: barua hiyo ina mwandishi, na mwandishi ana simu. Ama picha za kwenye simu, asiyemjua mwenye nambari asizipitishe, kwani ni kushuhudia jambo asilolijua.

Kuhakikisha habari tumeamrishwa katika Surat al-Hujurat, na sababu iliyotajwa huko ni kwamba tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Basi uchunguzi haukuwekwa ili kuilinda mifuko yetu tu. Umewekwa ili kumlinda mkweli. Kila mwongo mmoja tunayempa bila kuuliza, nyuma yake wako wakweli kumi ambao kesho tutawakunjia uso kwa ajili yake.

Na kuna fungu jingine la watoaji, hatupendi kulipita kimya. Ni wale wanaotoa kwa kuogopa kuapizwa, wakidhani kuwa mwombaji akikasirika duka litafungwa au mtoto ataugua. Na wako waombaji waliolijua hilo wakalifanya ndio biashara yao, wakaomba kwa majina ya mawalii na makaburi. Hiyo si sadaka, ni kodi ya woga. Dua ya mwenye kudhulumiwa ni jambo la kuogopwa, nasi twaliogopa. Ama kumwambia mtu asiye na haki "Mungu atakupa" si dhuluma.

Lakini kubwa kuliko yote ni lile tulisahaulo kabisa. Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa masikini hasa si yule azungukaye kwa watu akarejeshwa na tonge moja au mbili, bali ni yule asiyepata cha kumtosha, wala hatambulikani akapewa, wala hasimami kuomba. Na Surat al-Baqara imewataja wale ambao asiyewajua huwadhani kuwa matajiri kwa jinsi wanavyojizuia. Huyu haji dukani siku ya Ijumaa. Huyu ni mjane wa Kibokoni auzaye vitumbua alfajiri, na kodi ya nyumba imempita miezi mitatu. Ni mvuvi wa Likoni ambaye nyavu zake zimekatika, na aibu imemkalisha barazani kana kwamba amepumzika. Zaka zetu hazimfikii, kwa sababu tumeufanya ulimi kuwa ndio mlango wa zaka, na yeye ulimi wake hauombi. Nawawi huyo huyo amesema kuwa fakiri na masikini hupewa cha kumtosha umri wa kawaida, na mwenye kazi ya mkono hupewa chombo cha kazi yake. Mvuvi apewe nyavu, mshoni apewe cherehani. Sisi twazikatakata zaka noti noti, tukawapanga watu foleni juani, na mwaka ujao foleni ni ile ile na imezidi urefu.

Sasa tumjibu ndugu yetu. Zaka yake haibatiliki kwa kumwona mtu yule akisema maneno mengine mahali pengine. Hilo lathibitisha kuwa ni mwongo, na mtu huweza kuwa mwongo naye ni fakiri. Amtafute, na amuulizie kwa watu wa mtaani mwake. Akibainika kuwa ni fakiri, fungu la mafakiri limemfikia, na uwongo wake ni juu yake. Akibainika kuwa ni mwenye mali, basi kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shafii ni kuwa zaka iliyotolewa na mwenye mali kwa mkono wake haikutosha. Amtake airudishe, na kama haipatikani atoe nyingine. Abu Hanifa ameona kuwa aliyejitahidi kuchunguza kabla ya kutoa harudii. Lakini kwa maelezo yake mwenyewe, ndugu yetu hakuchunguza.

Ama kiapo, na asiendelee nacho. Abu Bakr Siddiq aliapa kutompa tena kitu Mistah, jamaa yake masikini, baada ya Mistah kuwa miongoni mwa waliomsingizia binti yake Aisha. Udhia gani mkubwa kuliko huo? Ikateremka aya katika Surat an-Nur kuwakataza wenye wasaa wasiape kuwanyima jamaa, masikini na waliohama, na Abu Bakr akarejesha nafaka yake. Naye aliapa juu ya mtu mmoja aliyemkosea. Ndugu yetu ameapa juu ya watu wote asiowajua, na wengi wao hawajazaliwa. Avunje kiapo, atoe kafara. Na kafara ya kiapo, kwa anayeweza, ni kulisha masikini kumi, kila mmoja kibaba cha chakula cha mji, au kuwavisha. Hao kumi asiwangojee mlangoni mwa duka. Atoke akawaulizie majirani zake.