Je, Asiyekatazwa Amechagua?

Mtu akinunua simu mpya, anakuta imekwisha kutiwa kivinjari ndani yake, yaani programu ile ya kufungulia kurasa za intaneti. Hakukiomba, wala hakuulizwa. Anakigusa, kinafunguka, basi. Viko vivinjari vingine, tena vya bure, wala hakuna amkatazaye kuvitafuta. Tunauliza: mtu huyu amechagua?

Wengine watatujibu: ndiyo, kwa maana mlango haukufungwa. Jibu hilo halitutoshi. Tuangalie mambo ya Marekani. Katika miaka ya 1990 watu wengi walitumia kivinjari cha Netscape. Kampuni ya Microsoft, ambayo Windows yake ilikuwa katika kompyuta karibu zote, ikatia humo kivinjari chake yenyewe, Internet Explorer, bila kudai bei. Mnunuzi aliweza bado kuitafuta Netscape; lakini alikuta mwingine amekwisha kuketi nyumbani mwake. Serikali ikaishitaki Microsoft mwaka 1998, na mwaka 2001 mahakama ya rufani ikathibitisha kwamba ilivunja sheria ili kulinda ukuu wake sokoni. Haki ilipatikana, lakini Netscape ilikuwa imekwisha kudhoofika.

Labda mtu atasema: kilichowekwa kwanza hakina nguvu, kila mtu ana akili yake. Kama ni hivyo, kwa nini mwaka 2021 Google ililipa zaidi ya dola bilioni 26 ili iwe ya kwanza kutafutia habari katika vivinjari na simu? Mfanya biashara hatoi mali nyingi hivyo kununua kitu bure.

Dini yatufundisha kwamba tendo la mtu kweli hutoka katika akili na utashi. Mazoea tuliyowekewa na wengine si dhambi, lakini si uchaguzi pia. Wala hatusemi ni vibaya kumtayarishia mwenzako: bibi mzee atakaye kuona picha ya mjukuu wake angefanya nini na simu tupu? Ubaya huanza pale ambapo mwenye nguvu anavificha vyombo vya wengine, akijua kwamba jirani hatasumbuka kuvitafuta.

Nasi tulipoanza kuandika maneno haya tuliitazama simu yetu. Kivinjari ni kile kile kilichokuja nayo, na siku ya kukikubali hatuikumbuki.